Tanuru Lililomwagiwa Maji

Kalunguta, 11 Agosti 2024

Yaya Edmond,

Salamu kwako kaka yangu, kwa mkeo Mama Sagesse na kwa wote wanaokula nyumbani mwenu siku hizi. Sisi huku tunaamka. Zamani ningeandika "tunaamka salama" bila kufikiri, sasa naacha neno moja na wewe utaelewa. Maharage yameoza kwa mvua, kahawa imekubali kidogo. Yule mbuzi uliyeniachia amezaa mapacha, wote madume, kama kunikasirisha.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Nilipiga mwezi uliopita. Nikakuuliza kama shangazi Maliro amefika kutoka Kanyabayonga, ukanijibu, "Asante, na wewe pia." Tangu kinini, ile dawa ya malaria, ilipokula masikio yako, kuongea nawe kwa simu ni kuongea na ukuta, na kusoma meseji hutaki kujifunza. Donc, basi, nimerudi kwa karatasi. Maulidi, yule dereva wa Beni, amekubali kubeba barua zetu kila lori lake la Fuso linapopanda Butembo.

Jambo lenyewe ni tanuru. Lile la nyuma ya maternité yetu, ninapowazalisha wanawake, tunalochomea sindano, bandeji za damu na vyote ambavyo mtu hawezi kutupa shambani. Matofali ya ndani yanabomoka, mlango wa chuma umeliwa na joto, moshi unatokea kila upande isipokuwa kwenye bomba. Wakaguzi walikuja wiki iliyopita. Hawakuwa watu wabaya, walikunywa chai yetu na kumsalimu kila mgonjwa. Lakini walisema mbele ya wote: kama mwisho wa Januari tanuru bado liko hivi, maternité inafungwa, na wanawake wa hapa watakwenda kuzalia Beni au Butembo. Barabara unaijua. Mwanamke mwenye uchungu juu ya pikipiki katika barabara ile, sitaki hata kuendelea kuandika.

Nimekumbuka rangi yako ile unayowapakia watu wa pikipiki kwenye bomba za moshi, ile isiyoungua. Ulisema inageuka jiwe. Je, inaweza kushika kwenye matofali?

Nimechoka, Yaya. Wakifunga hapa, utanikuta mlangoni kwako nikiwa na godoro kichwani, maana sitakuwa na kazi ya kunibakiza.

Mdogo wako,
Adèle


Butembo, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu Adèle,

Nimepokea barua yako ikinuka samaki wa chumvi, ndipo nikajua Maulidi alibeba nini. Sisi tuko. Shangazi Maliro alifika na wajukuu wake, wanalala salon. Asubuhi naruka miguu ya watu ili nifike mlangoni. Haongei sana. Alimwambia Mama Sagesse kwamba aliacha sufuria ya sombe, majani ya muhogo, juu ya moto alipokimbia vita, na kila siku anaulizia sombe ile kana kwamba mtu angeweza kwenda kuipakua. Mama Sagesse anakusalimu. Anasema mbuzi dume pia wanaliwa.

Chumba cha nyuma hatukumpa mtu. Kina kitanda, na nimepaka kuta chokaa. Nakuambia tu.

Sasa tanuru. Ndiyo, inaweza kushika, lakini lazima uelewe unachopaka, maana ukiifanya kama rangi ya nyumba utalia. Niliwafundisha watoto wa watu kemia miaka mingi bila wao kunisikiliza. Sasa ni mimi nisiyesikia, wewe sikiliza.

Ndani ya mkebe kuna resini. Ni plastiki, lakini si kama ya bidoni, yale madumu ya maji. Plastiki ya bidoni imejengwa kwa kaboni, ukiichoma inakwisha yote na kuacha uvundo. Hii uti wake ni silisiumu na oksijeni, vitu vile vile vilivyo ndani ya mchanga, na kaboni imeshikwa pembeni tu. Ukiipasha polepole, sehemu inayoweza kuungua inatoka kama moshi, na uti unaobaki unashikana wenyewe kwa wenyewe. Unapata kauri, kama ya kikombe, lakini kauri uliyoipaka kwa brashi. Mfinyanzi hawezi kupaka udongo wake hadi ndani ya ufa wa tofali. Sisi tunaweza, kwa sababu tunaanza na kitu cha majimaji.

Ubaya wake ni kwamba ikigeuka inapungua, na kitu kinachopungua kinapasuka. Ndiyo maana nimeichanganya na unga wa matofali ya zamani na unga wa aluminiumu. Aluminiumu ikila hewa ndani ya moto inavimba. Mmoja anapungua, mwenziwe anavimba, mwishowe wanalingana. Ni ndoa nzuri kuliko nyingi ninazozijua hapa mjini.

Ipakeni ndani yote, na mlango, kwa tabaka nene. Iacheni ikauke mpaka isishike kidole. Kisha moto mdogo wa vijiti, uongezwe kidogo kidogo siku nzima na ya pili yake. Ukikimbiza, gesi inatoka kwa nguvu na kuacha mapovu. Na unisikie hili vizuri ninavyolisema: moto ukishaanza, usizimwe kabisa mpaka mwisho. Upoe wenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Resini inaletwa na Issaka, mfanyabiashara wangu wa rangi. Mkebe huu ni wa mwisho mpaka mzigo wake ufike, donc usimwage.

Kaka yako,
Edmond


Kalunguta, 22 Septemba 2024

Yaya Edmond,

Salamu kwa nyumba nzima. Mwambie shangazi Maliro kwamba nimempandia sombe nyuma ya nyumba yangu, akija ataichuma mwenyewe. Hapa kuna malaria nyingi kwa watoto. Nilishuka Beni kuchukua dawa, nikarudi siku ile ile. Mbuzi mmoja amekufa.

Rangi ilipasuka. Tulipaka kama ulivyosema, ilikauka vizuri, ikawa nzuri mpaka watu walikuja kuiangalia. Moto tuliuwasha. Siku ya pili ulizimika kabla ya kwisha, na ndani yote ikapasuka, mapande yakaanguka. Nakutumia machache, nimeyafunga kwa bandeji. Labda utaona kosa.

Kakule, anayetunza tanuru, anasikitika sana. Usimlaumu, alifuata kila neno lako.

Tafadhali tutumie mkebe mwingine.

Adèle


Butembo, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Tuko. Mvua imekata barabara ya mtaa wetu, pikipiki zinapita uani mwa watu. Sagesse wetu amepata kazi ya kufundisha, hawajui watamlipa lini, lakini ana chaki.

Nimeweka vipande vyako juu ya meza, karibu na dirisha, na nimeviangalia kwa siku kadhaa. Mama Sagesse alifikiri nimepata ugonjwa.

Ingekuwa mlikimbiza moto, ningekuta mapovu. Hakuna povu hata moja. Ingekuwa kuni ziliisha na moto ukafa wenyewe, rangi ingelala tu pale ilipofika, na tungewasha tena kesho yake. Vipande hivi uso wao umekuwa jiwe, lakini nyuma bado ni gundi, inakwaruzika na kucha. Na nyufa zake zinatoka sehemu moja na kutawanyika, kama kioo kilichopigwa. Juu yake kuna michirizi ya majivu iliyokauka ikitiririka kwenda chini. Majivu hayatiririki, Adèle. Kuna mtu aliyemwaga maji ndani ya tanuru linalowaka.

Umeandika kwamba moto ulizimika. Haukuzimika, mliuzima.

Na mimi ni mtu wa huko. Ninajua ni siku gani watu wa Kalunguta wanamwagia moto maji mchana wenye jua. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu: wale wenye bunduki walifika karibu kiasi gani?

Sijawahi kuandika jina la Jacob katika barua yoyote kwako, wala wewe kwangu. Leo naliandika. Mdogo wetu alikwenda kwenye shamba lake la kakao akisema kuna utulivu. Nilikwenda mimi kumchukua. Wewe uliona jeneza limefungwa, mimi ndiye niliyelifunga. Siwezi tena. Sisemi kwamba sitaki, nasema siwezi. Nina uchovu ambao hauishi kwa kulala.

Njoo. Chumba kiko. Hapa Butembo kuna wagonjwa pia, na kuna wajawazito.

Edmond


Kalunguta, 27 Oktoba 2024

Yaya,

Tunasalimu. Nilianza barua hii mara nyingi, na mara zote niliandika habari ya kahawa.

Basi. Ndiyo, tulimwaga maji.

Ilikuwa saa nane mchana. Risasi zililia upande wa mtoni, si mbali. Wewe ulituandikia moto usizimwe, na maneno yako yalikuwa ya haki kwa mtu aliye Butembo. Huku kwetu risasi zikilia, kitu cha kwanza ni moto. Kabla ya kushika nguo, kabla hata ya kumfunga mtoto mgongoni, mtu anamwaga maji jikoni, kwa sababu moshi unawaambia kwamba hapa kuna watu na hapa kuna chakula. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha. Na moshi mkubwa kuliko wote siku ile ulikuwa wa tanuru letu. Kakule alikimbia na ndoo akipiga kelele, "Mama Adèle, moshi hii itatuuzisha!" Akamwaga ndoo, akachota, akamwaga nyingine. Mimi mwenyewe nilimpa ya tatu. Kisha tukaingia kwenye migomba pamoja na wanawake wote, hata aliyekuwa amezaa asubuhi.

Hawakufika kwetu. Walipita. Sitaandika walipita kwa nani.

Tuliporudi tulisikia rangi ikilia ndani ya tanuru, tik, tik, ikibanduka. Kakule alikaa chini akashika kichwa. "Sasa Mwalimu Edmond atasema nini? Aliandika hapana kuzima." Ametoka kukimbia kufa, anaogopa mwalimu.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniandikia habari ya kitanda. Na umeiandika.

Nisikilize, Yaya. Kuhusu Jacob, mimi pia namlilia. Lakini nikiondoka, hakuna anayebaki kuwazalisha hawa. Watazalia majumbani, na nitakuwa Butembo kwenye chumba cha chokaa nikihesabu nani amekufa. Huo ndio uchovu ambao mimi siuwezi. Huu wa hapa nimeuzoea.

Tutumie mkebe mwingine. Wakaguzi wanarudi Januari.

Adèle


Butembo, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu Adèle,

Salamu nyingi. Tunaendelea. Shangazi Maliro ameanza kutoka kwenda misa. Mjukuu wake mdogo anakohoa. Bei ya makaa imepanda tena, watu wanapika mara moja.

Kuhusu resini, mzigo wa Issaka umechelewa. Unajua mambo ya mpakani. Labda kabla ya Noeli, labda baada yake. Unga wa aluminiumu pia umekuwa adimu. Na mimi mgongo unanisumbua.

Mvua ikipungua tutaona.

Edmond


Kalunguta, 1 Desemba 2024

Yaya Edmond,

Salamu kwa Mama Sagesse na kwa shangazi.

Maulidi amekuwa akiniletea barua zako bila kusema neno. Safari hii alikaa, akanywa maji, akasema, "Dada Adèle, mi sipende maneno ya watu, lakini pipa ya resini ya Issaka ni mi nilibeba. Nilishusha kwa Mwalimu Edmond tangu mwezi wa kumi. Iko kwake chini ya dirisha." Akaondoka haraka, hakutaka hata ndizi nilizomwekea.

Wewe ulisoma vipande vyangu, mimi nimesoma mzigo wako. Tuko sawa.

Kama hutaki kututumia, andika kwamba hutaki. Usinitajie mpaka, usinitajie mgongo. Unangoja Januari ipite na mlango wetu ufungwe, ili nije kwako bila wewe kunivuta. Nimekasirika kiasi kwamba nilivunja kikombe, na vikombe hapa ni vichache. Na bado nakuelewa, hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Kuna msichana hapa, Joyeuse, mimba yake ya kwanza, anatembea kutoka mbali kila wiki nimpime. Ananiuliza, "Mama, mwezi wa pili mutakuwa hapa?" Nimjibu nini? Nimwambie amuulize kaka yangu?

Adèle


Butembo, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu Adèle,

Sina salamu ya kutangulia, nitaiweka mwishoni kama ikibaki nafasi.

Ni kweli. Pipa lilikuwa kwangu, na nilitaka Januari ipite. Nilifikiri sitakuwa nimefanya neno baya, nitakuwa nimekaa tu. Mtu anaweza kuua mambo mengi kwa kukaa.

Barua yako niliisomea mezani, na shangazi Maliro alikuwa akichambua mchele. Mimi hunong'ona nikisoma, kwa kuwa sijisikii sijui kwamba nanong'ona, donc alisikia yote. Aliacha mchele, akaja mbele ya uso wangu nimwone midomo, akasema polepole, "Adèle anaomba rangi, weye unamupa kitanda." Akarudi kwenye mchele wake. Tangu atoke Kanyabayonga hajawahi kuniambia maneno mengi kuliko hayo.

Kesho yake nilifungua pipa.

Kwanza nilikosea, kwa sababu nilitaka kutengeneza tena ile ile. Halafu nikaona upumbavu wangu. Nilikuwa nimetengeneza rangi ya mahali ambapo moto unaachwa mpaka uishe. Mahali hapo sipo ulipo wewe. Nilikuwa namlaumu Kakule kwa maji wakati maji ni sehemu ya kazi ya tanuru lile, kama kuni.

Basi nilikwenda kwenye ateliers, karakana za mtaa wetu wote, nikiomba disque zilizochakaa, zile nyeusi wanazokatia mawe. Wamefikiri mwalimu amechanganyikiwa, lakini walinipa. Nilizichoma, nikazisaga. Punje zake ni ngumu sana, na zinapitisha joto haraka, kwa hiyo sehemu ya ndani na ya nje zinapoa karibu pamoja. Kinachopasua ni pale upande mmoja unapopoa na mwingine bado unawaka. Unga wa matofali pia nimeuacha na chenga kubwa kubwa. Ufa mdogo ukianza, unafika kwenye chenga na kukwama hapo, hauna njia ya kuendelea.

Nilipaka matofali, nikayachoma kwenye mbabula, jiko la makaa, yenye feni mpaka yakawa mekundu, nikayamwagia maji ya birika. La kwanza lilipasuka, la pili pia. Mama Sagesse alisema nayatesa matofali. Nilibadilisha mchanganyiko, nikapaka tabaka nyembamba, nikaongeza punje. Tofali hili ninalokutumia ndani ya gunia nimelimwagia maji mara nyingi mpaka nikachoka mimi. Lipige na kijiko, mimi siwezi kusikia mlio wake. Mama Sagesse anasema linalia kama kikombe kizima.

Sasa namna ya kufanya, na hii ni tofauti na ya kwanza. Usipake nene. Paka nyembamba, choma, acha ipoe, paka tena, choma tena. Kila mchomo unaisha kabla ya jua kushuka. Mkilazimika kuzima katikati, mmepoteza tabaka moja tu, ya chini yake iko. Mwambie Kakule kwamba Mwalimu amefuta lile neno alilowaandikia. Moto uzimwe wakati wowote atakapoona inafaa.

Na wewe, siku ukisikia, mwaga. Usifikiri rangi yangu, usifikiri mkebe. Mwaga na ukimbie, Adèle. Ninakuomba hilo kwa nguvu zote nilizobakiza, na si nyingi.

Naogopa kila Fuso ikisimama mbele ya nyumba. Namwangalia Maulidi usoni kabla ya kuangalia mkono wake. Sikuwahi kukuambia, sasa unajua.

Salamu kwa Joyeuse. Mwambie mwezi wa pili mtakuwepo.

Kaka yako,
Edmond


Kalunguta, 26 Januari 2025

Yaya wangu Edmond,

Tunaamka, na tunakusalimu wote, Kakule wa kwanza. Amelipiga tofali lako na kijiko mpaka limekuwa mchezo wa maternité, wagonjwa wanaomba walisikie.

Tulipaka na kuchoma kama ulivyosema, tabaka kwa tabaka. Wakaguzi walikuja, mmoja akaingiza kichwa chote ndani ya tanuru na kutoka na masizi puani. Waliandika kwamba linafaa. Maternité inabaki. Nilitaka barua hii iwe ya hayo tu, na ningeituma Ijumaa kama Maulidi angepita.

Maulidi hakupita, kwa sababu Alhamisi wale wenye bunduki walikuja tena. Nakuandikia mimi mwenyewe safari hii, sitaki uje kuyasoma kwenye mawe.

Tanuru lilikuwa linawaka, jekundu ndani, tulikuwa tumetia sindano za wiki nzima. Walipiga karibu kuliko mara ile. Nyumba mbili za chini ya kilima zimeungua, na tumezika, na sina nguvu ya kukuandikia majina leo. Nilimwaga, Yaya, kama ulivyoniomba. Ndoo ya kwanza ilikuwa mkononi mwangu kabla Kakule hajageuka. Mvuke ulinichoma mkono kidogo, unapona. Kisha tukakimbia. Joyeuse alijifungua kwenye migomba, kabla ya wakati wake. Ni msichana, mdogo, lakini ananyonya.

Tulirudi asubuhi. Nilikwenda kwenye tanuru kabla ya kuingia nyumbani mwangu. Nilisimama mlangoni nikisikiliza ule mlio, tik, tik. Hapakuwa na kitu. Niliingiza mkono nikapapasa ukuta wote, juu, chini, na kwenye pembe.

Kitanda cha chumba cha nyuma mpe shangazi Maliro, amelala chini vya kutosha.

Sina kipande cha kukutumia, Yaya. Hakuna kilichobanduka.

Mdogo wako,
Adèle